Gari la Baba na Mikroni Zilizobaki

Sisi tunaoishi katika nchi hizi za Ghuba tunalijua jua la huku kwa jinsi linavyotuchoma wenyewe, lakini ni wachache wetu wanaokaa wakafikiri linavyoyafanya magari yetu. Pita asubuhi katika mtaa wowote wa zamani wa Maskati utayaona: gari lililokuwa jekundu limekuwa rangi ya waridi, jeusi limekuwa la kijivu, na jeupe ukilipitishia kiganja mkono unatoka na unga kana kwamba umefuta ubao wa shule. Mwenye gari akiulizwa hujibu kwamba rangi imekufa. Baada ya hapo huwa na njia mbili tu kichwani mwake: kulipeleka gereji likapigwe rangi upya, au kuliuza kwa bei ya chuma.

Makala haya yanakusudia kuitetea njia ya tatu. Mara nyingi rangi ya gari la zamani ingalipo, ila imefunikwa na ngozi yake yenyewe iliyokufa. Mng'aro wake haupakwi kutoka juu, hufukuliwa kutoka chini. Lakini kila ukifukua unapunguza, na kilichopo chini kina mwisho wake. Haya tumeyapata sisi ndugu watatu katika gari la marehemu baba yetu, na tunayaandika kwa sababu tunajua ziko familia nyingi zenye gari kama lile nje ya nyumba, na zenye ubishi kama wetu ndani yake.

Baba alihamia Oman kutoka Unguja mwaka 1972, miaka miwili baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika ng'ambo warudi. Alifanya kazi miaka mingi akipanda magari ya wenzake, na mwaka 1986 ndipo aliponunua la kwake, Toyota Corolla mpya, nyekundu. Muuzaji alimshauri achukue nyeupe, kwa kuwa nyeupe haishiki joto na tena huuzika upesi. Baba akamjibu kwamba hanunui gari ili aliuze. Gari lile lilimpeleka kazini Ruwi na likatupeleka sisi shule. Lilifika Nizwa kwa harusi, na likafika Salalah, safari ya kilomita kama 1,000, tulipokwenda kutafuta ubaridi wa msimu wa khareef. Baba alifariki mwaka 2017, Mwenyezi Mungu amrehemu. Gari likabaki limeegeshwa chini ya mkunazi nje ya nyumba, upande mmoja kivulini na upande wa pili juani.

Hapo ndipo rai zetu zilipoachana. Sisi tuliokuwa na akili zetu mwaka 1986 tulilikumbuka gari jekundu. Mdogo wetu, aliyezaliwa mwaka 1988, alilikumbuka gari la waridi, na watoto wetu wote walilijua kwa jina hilo hilo, "gari la waridi la babu." Mdogo wetu alitaka lipigwe rangi upya lote. Alikwisha kwenda sanaiya, kwenye magereji ya Wadi Kabir, na fundi alimwambia kazi ni ya siku tano na bei ni riali 280. Dada yetu alitaka liachwe kama lilivyo, maana hivyo ndivyo baba alivyoliacha. Ubishi ulikwenda hivyo kwa miaka mitano, mpaka siku moja mama alipotusikiliza sote, kisha akasema: "Wanangu, rangi ile kaichagua baba yenu kwa mdomo wake. Mkimwaga nyingine juu yake, hata ikiwa nyekundu, hiyo itakuwa ya fundi. Na hii iliyopauka nayo si yake. Hii ni ya jua."

Kauli ile ilinyamazisha pande zote mbili, na ikatuachia swali la kihandisi: je, rangi aliyoichagua baba bado ipo? Na kama ipo, imebaki kiasi gani?

Kulijibu swali hilo kwataka kwanza kufahamu rangi ya gari ni kitu gani. Rangi ni chembe ndogo ndogo za unga, zinazoitwa pigmenti, zilizoshikwa pamoja ndani ya gundi ngumu itokanayo na utomvu wa viwandani. Pigmenti ndiyo inayotoa wekundu, na gundi ndiyo inayotoa ulaini na mng'aro. Miali ya jua ya urujuanimno hukata minyororo ya gundi ile, oksijeni ya hewani ikaingia mahali palipokatika, na unyevu wa bahari ukaisaidia kazi. Gundi ikishaliwa, chembe za rangi hubaki juu bila mshikaji, kama mchanga wa ukuta ambao saruji yake imekwisha. Huo ndio unga unaobaki kiganjani. Magari meupe yana balaa jingine, kwa sababu pigmenti yao ni titani dioksidi, kitu ambacho chenyewe kikipigwa na jua huzidi kuila gundi inayokizunguka. Na nyekundu nyingi za miaka ile zilitengenezwa kwa pigmenti zisizostahimili jua kama zinavyostahimili zile za madini.

Sasa kwa nini nyekundu ionekane waridi? Sababu kubwa ni kwamba uso uliochakaa huwa na mashimo na mabonde madogo mno, na mwanga ukiupiga hutawanyika kila upande. Mwanga uliotawanyika macho yetu huuona kuwa ni weupe, na weupe ukichanganyika na wekundu ni waridi. Ushahidi wake ni rahisi: limwagie gari maji. Maji hujaza mabonde yale, uso ukawa laini, na wekundu ukarudi papo hapo, kama kokoto ya pwani inavyokuwa nzuri ikiwa imelowa. Maji yakikauka, wekundu unaondoka. Ndiyo hila ya baadhi ya wauza magari, wanaopaka mafuta alfajiri na kuuza kabla ya adhuhuri. Lakini kwa sisi hila hiyo ilikuwa bishara njema. Tulipomwaga ndoo moja juu ya boneti na kuuona wekundu, tulijua kwamba chini ya ule unga kuna kitu.

Yapasa hapa tueleze kwamba si kila rangi huokolewa kwa njia hii. Zamani sana gari lilipakwa rangi na vanishi kwa mkono, likachukua wiki kukauka. Kati ya mwaka 1914 na 1925 Ford alitoa Model T za rangi nyeusi peke yake. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitoa rangi ya kupuliza iitwayo Duco, iliyokauka kwa saa chache tu, na General Motors wakaitumia katika magari yao ya Oakland ya modeli ya mwaka 1924. Tangu hapo mpaka miaka ya 1980 magari mengi yalikuwa na rangi ya tabaka moja, yaani rangi na mng'aro wake ni kitu kimoja. Baadaye ukaenea mtindo wa matabaka mawili: rangi chini, na juu yake tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Tabaka moja likipauka, chini yake kuna rangi ile ile nzima. Klia ikishakufa, ikaanza kubabuka vipande vipande kama ngozi iliyoungua, hakuna polishi duniani itakayoirudisha. Dawa yake ni kuikwangua na kupuliza upya. Anayekuuzia chupa kwa ahadi tofauti na hiyo anakuuzia mafuta tu.

Jinsi ya kujua gari lako ni la namna gani ni hivi. Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua mahali padogo pasipoonekana. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hiyo ni tabaka moja. Kikibaki cheupe au kikawa na uchafu mweusi tu, una klia. Kitambaa chetu kilitoka chekundu.

Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kugusa chochote tuliazima kipimo cha unene wa rangi, kifaa kidogo cha kushika mkononi. Unakigusisha kwenye bati, nacho kwa nguvu ya sumaku hukwambia umbali uliopo kati ya ncha yake na chuma. Umbali huo ndio unene wa vyote vilivyopakwa, tangu praima mpaka juu, na huhesabiwa kwa mikroni. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una mikroni kama 70. Tulipima mahali 60, tukaandika kila namba katika daftari. Ndani ya fremu za milango, pasipofika jua, tulipata 112 hadi 118. Milango kwa nje ilikuwa 102. Buti lilikuwa 94, boneti 86, na paa 77. Yaani juu ya paa jua na vitambaa vya miaka yote vilikwisha kula kama mikroni 38. Na kwa kuwa kipimo hakitenganishi rangi na praima, tulijua kwamba wekundu uliobaki pale juu ni mwembamba mno.

Namba hizo ndizo zilizotuwekea sheria. Tukakubaliana kwamba hatutaondoa zaidi ya mikroni 5 mahali popote, na kwamba paa halitaguswa na mashine. Mdogo wetu alilalamika kwamba hivyo gari halitakuwa kama jipya. Ni kweli, halitakuwa. Tulimwonyesha kifuniko cha tangi la petroli, tukakifungua, na kwa ndani rangi ilikuwa nyekundu iliyoiva, inang'ara kama siku ilipotoka kiwandani. Alikaa akiitazama kwa muda mrefu. Ndiyo mara ya kwanza, katika umri wa miaka 34, kuiona rangi ambayo sisi tulikuwa tukimsimulia.

Kipimo kile kilitufunulia na jambo jingine ambalo hatukulitafuta. Bati lililo juu ya gurudumu la mbele kushoto lilisoma 240. Gari zima halikuvuka 118, na pale tu ni mara mbili yake. Mhandisi yeyote atakwambia maana yake: pameumia, pakanyooshwa, pakapakwa rangi upya. Hakuna kati yetu aliyekumbuka ajali yoyote. Tukamuuliza mama. Alicheka mpaka akafuta machozi. Ilikuwa usiku wa mwaka 1988, uchungu umemshika, na baba katika haraka yake alilitoa gari akakwangua nguzo ya geti. Hakusimama hata kutazama. Mtoto alipozaliwa, baba akalipeleka gari gereji kimya kimya, na siku mama aliyotoka hospitali bati lilikuwa limekwisha nyooshwa. "Akaniambia nisiwaambie," mama alisema, "maana kila siku alikuwa akiwahutubia juu ya kuendesha polepole." Basi bati lile lilikuwa na umri sawasawa na mdogo wetu, na siri ile ilikaa chini ya rangi kwa miaka 34. Baada ya siku hiyo hakuzungumza tena habari ya kupiga rangi gari lote.

Kazi tuliifanya Januari 2023, kwa sababu mwezi huo ndio Maskati huwa na hewa ya kufanyia kazi. Bati la moto hukausha polishi kabla haijafanya kazi yake, na huacha madoa. Kanuni ni kwamba ukiweka kiganja juu ya bati na ukahisi ujoto, ngoja. Tulifunga turubai kutoka ukutani hadi kwenye mkunazi, tukaanza alfajiri.

Kwanza ni kuosha, kwa ndoo mbili: moja ya shampuu, na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ulioutoa usirudi nao tena juu ya gari. Vumbi la huku ni msasa. Anayefuta gari kavu kwa kitambaa kila asubuhi, kama tuonavyo mitaani, analisafisha na kulikwangua kwa wakati mmoja. Baada ya kuosha tulipitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya maji ya sabuni na kung'oa chembe za chuma, vumbi la breki na utomvu wa mti. Mwisho wa kipande kimoja cha mlango udongo ulikuwa mweusi kama lami.

Kisha likaja jambo ambalo watu wengi huliruka. Rangi kavu namna ile ukiipelekea mashine moja kwa moja inakatika kwa pupa. Wazee wa kazi hii huko Marekani hulainisha rangi kwanza kwa mafuta. Kampuni ya Meguiar's, iliyoanzishwa mwaka 1901 kwa polishi ya samani za mbao, bado inatoa polishi iitwayo nambari 7, isiyo na makali, iliyojaa mafuta. Tuliipaka nzito gari zima kwa taulo la pamba, tukaisugua, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi tukaifuta, tukapaka tena. Mafuta hupenya katika mashimo yale na kuilainisha ngozi iliyokufa ili itoke kwa upole. Mataulo yetu yalitoka mekundu kama vitambaa vya hina, na dada yetu, ambaye mpaka hapo alikuwa akitutazama kutoka barazani, aliteremka akachukua taulo moja akaanza paa. Paa lote lilikuwa lake. Siku mbili kwa mkono, bila mashine, akapunguza mikroni moja tu.

Mashine tuliitumia kwenye milango, buti na boneti. Tulichagua ile inayozunguka huku ikitikisika, kwa sababu ile ya kuzunguka tu hupandisha joto upesi na yataka mkono wa fundi aliyeizoea miaka. Kingo zote, na kila mstari ambapo bati limekunjwa, tulizibandika tepu, kwa kuwa rangi huwa nyembamba zaidi mahali hapo na ndipo panapotoboka kwanza. Tukajaribu mahali padogo, upana wa kitabu, tukianza na sponji laini na polishi nyepesi kabisa. Hii ni kanuni kubwa katika kazi hii: anza na kilicho dhaifu, na ukiona kinatosha usitafute chenye nguvu. Kilitosha. Sponji ilijaa unga mwekundu kila baada ya dakika mbili, ikabidi ioshwe, maana unga uliokufa ukiachwa kwenye sponji hurudi kukwangua rangi iliyo hai. Wekundu ulijitokeza kidogo kidogo, kwanza kama damu ya mzee, kisha kama komamanga. Kabla ya kila hatua mpya tulipima. Boneti lilitoka 86 likawa 83. Tukasimama hapo, ingawa mistari miwili ya makucha ya paka ilikuwa ingali inaonekana.

Zipo sehemu ambazo hazikurudi. Nyuma ya paa palikuwa na kiraka kama sahani, praima ya kijivu imetokeza, na hapo hapakuwa na cha kufukua. Na kwenye mlango wa dereva, juu kabisa, chini ya kioo, palikuwa na mahali pa urefu wa shibiri moja palipolika mpaka kijivu. Jua halikupala peke yake. Baba alikuwa akiendesha kioo kimeteremshwa na kiwiko chake kimetoka nje, miaka 30, msimu wa baridi wote. Dada yetu alisema hapo pasiguswe. Lakini praima iliyo wazi hunyonya unyevu, unyevu hufika kwenye chuma, na kutu haisubiri huzuni ya mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulichofanya ni kupasafisha na kupapaka klia kwa brashi nyembamba, mara tatu, bila kuongeza rangi. Unyevu hauingii tena, na alama ya kiwiko bado inaonekana. Kiraka cha paa tulikifanya vivyo hivyo.

Kung'arisha bila kukinga ni kazi bure, kwa sababu uso mpya ulioutoa uko uchi, na jua lile lile lingali juu. Nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mnazi fulani wa kaskazini-mashariki ya Brazili, hutoa mng'aro mzuri mno kwenye rangi za zamani, lakini katika joto la kiangazi cha huku haidumu. Tulitumia kinga ya kutengenezwa viwandani, inayostahimili zaidi, na tunairudia kila baada ya miezi minne. Ziko siku hizi kinga za seramiki zinazodumu zaidi ya hapo, lakini zataka uso uliokwisha safishwa mafuta yote, na sisi mafuta yale tulitaka yabaki ndani ya rangi. Kubwa kuliko zote ni kivuli. Tumejenga kibanda cha mabati, kimegharimu kidogo kuliko ile bei ya fundi wa sanaiya. Turubai la kufunika gari hatulipendekezi mahali penye upepo, kwa sababu vumbi likiingia chini yake na upepo ukalitikisa, huwa ni msasa unaofanya kazi usiku na mchana.

Siku tuliyomaliza mama aliletewa kiti. Alilizunguka gari mara moja, akagusa boneti, akafika mlango wa dereva akaweka kiganja chake pale palipolika. Akasema, "Basi ndiye." Watoto walikuwa na shida yao wenyewe, maana jina la gari lilikuwa limekwisha. Mmoja akauliza sasa waliite nini. Bado wanaliita la waridi, na mgeni akisikia hashangai kidogo.

Kwa wenzetu mlioko Uingereza na Marekani, mambo ni hayo hayo kwa mwendo mwingine. Jua lenu ni pole, lakini nyekundu ya zamani hupauka hata huko, na chumvi ya barabarani wakati wa theluji hula chuma kabla jua halijamaliza rangi, basi tazameni chini ya gari kabla hamjashughulika na juu. Kwa walioko nyumbani, Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, jua na chumvi ya bahari vinasaidiana. Ushauri wetu kwa wote ni mmoja. Kabla hujatoa fedha, lowesha, futa kwa kitambaa cheupe, kisha pima. Kipimo hupatikana kwa kuazima, na magereji mengi ya rangi wanacho. Namba zikiwa ndogo, kubali mng'aro wa wastani. Gari likiwa na klia iliyobabuka, mpe fundi haki yake. Na kama gari ni la mtu aliyekwisha tangulia, waulize waliokuwa wakipanda naye kabla kizazi chao hakijaondoka, maana kipimo kitakuonyesha mahali palipoumia, lakini hakitakwambia ilikuwa usiku gani.

Daftari letu liko ndani ya kisanduku cha dashibodi, pamoja na milki ya gari. Lina namba 60 za kabla na namba 60 za baada. Kwenye ukurasa wa mwisho tumeandika kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, kwa ajili ya watoto watakaolirithi: milango inaweza kung'arishwa kwa mashine mara mbili tatu zaidi katika maisha yake, boneti mara moja, paa kwa mkono tu na bila polishi yenye makali. Bati la mbele kushoto lina rangi ya kutosha, lakini lisikwanguliwe mpaka kwenye chuma, na sababu yake wamuulize baba mdogo.